MBWA ALIYEFUNZWA BADO SI MBWA WAKO

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Singida mjini kuelekea Nzega na Mwanza, baada ya kuteremka mlima Sekenke na kona zake nyingi, utafika Shelui. Ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, kilomita zipatazo 110 kutoka Singida, karibu na mbuga ya Wembere. Msafiri hupita hapo mchana, akanywa chai, akaendelea na safari yake. Mwenyeji anaufahamu mji huo pia kwa sauti zake za usiku: malori barabarani, na fisi porini.

Kwa kaya yenye mbuzi, fisi si hadithi ya kuwatishia watoto. Fisi mmoja akipenya boma usiku anaweza kuiharibu ada ya shule ya mwaka mzima. Ndiyo maana katika sehemu hizo mbwa si pambo la nyumba. Ni askari wa zamu, asiyelipwa mshahara na aghalabu asiyepewa hata shukrani.

Nilipokuwa darasa la tano, baba alipewa mtoto wa mbwa na rafiki yake mfugaji, aliyekaa upande wa pili wa mbuga. Hakuwa mchanga, alikuwa na umri wa miezi mitano, na alikuwa amekwisha kufunzwa. Huko kwao alifuata mbuzi, alikuja alipoitwa, alitulia alipoambiwa atulie. Tulimpokea kwa furaha kubwa, maana tulidhani tumepewa kazi iliyokwisha kutendwa.

Siku ya kwanza tulimwita, hakuja. Siku ya pili tulimwamuru akae, akatutazama tu. Siku ya tatu kaka yangu alisema mbwa huyu ana kiburi, akachukua fimbo. Hakuna aliyejiuliza jambo moja dogo: kule alikotoka alikuwa akisemeshwa kwa Kisukuma. Sisi tulimwita kwa Kinyiramba, na tulipokasirika tulimgombeza kwa Kiswahili.

Siku ya tisa alikata kamba kwa meno, akashika barabara kuu kurudi kwao. Asubuhi tulimkuta kando ya barabara, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Lori lilikuwa limempitia.

Hakuwa mbwa mjinga, ndugu msomaji. Alikuwa akirudi kwa watu waliokuwa wakielewana naye.

KUFUNZWA NI JAMBO MOJA, KUPATANA NI JINGINE

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kosa letu ni kosa la kaya nyingi hata leo. Mtu hununua au hupewa mtoto wa mbwa aliyefunzwa, akadhani amepata chombo kama redio: ukifungua, inasema. Asiposema, anapigwa.

Lakini mafunzo ya mbwa hayakai ndani ya mbwa peke yake. Yako kati yake na mtu aliyemfunza. Mbwa amejifunza sauti ya mtu fulani, mkono wa mtu fulani, harufu ya mtu fulani, na mahali fulani. Ukimhamisha, umemwondolea nusu ya vitu hivyo. Mtoto wa shule akihamishiwa shule ya lugha nyingine huonekana mzito kwa majuma ya kwanza, hata kama kule alikotoka alikuwa wa kwanza darasani. Hakuna mzazi mwenye busara amwitaye mjinga.

Habari njema ni kwamba mbwa huzaliwa akiwa tayari kuelewana na binadamu. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa mbwa 375, wenye umri wa majuma 8 hivi. Waliona kwamba wengi wao waliweza kufuata kidole cha mtu anayeonyesha mahali palipofichwa chakula, tena bila kufundishwa kwanza. Mlango, basi, uko wazi tangu mwanzo. Yatupasa tuingie kwa hodi, si kwa kuuvunja.

Miaka miwili baada ya msiba ule, rafiki wa baba alikubali kutupa mtoto mwingine. Safari hiyo alimleta mwenyewe, akakaa nasi mchana kutwa. Mambo mengi nitakayokueleza nilianza kuyaona siku hiyo, kisha nikayathibitisha kwa miaka mingi ya kufuga mbwa na kwa kusoma yaliyoandikwa na wataalamu.

SIKU YA KUKABIDHIWA

Ukienda kumchukua mbwa aliyefunzwa, usiharakishe kufunga kamba na kuondoka. Keti na aliyemlea. Muulize maneno anayotumia, neno kwa neno, na uyaseme mbele yake mpaka akubali kwamba umeyatamka kama yeye. Muulize kama humwita kwa jina au kwa mluzi. Akimwita kwa mluzi, ujifunze mluzi huo. Tazama mkono wake anapotoa amri, kwa maana mara nyingi mbwa hufuata mkono kuliko neno, hata mwenyewe asijue.

Uliza pia anakula nini na saa ngapi, analala wapi, na anaogopa kitu gani. Mbwa aliyekulia porini huenda hajawahi kuona pikipiki, na mbwa wa barabarani huenda hajawahi kuona ng'ombe. Wataalamu wanasema kwamba umri wa majuma 3 hadi 14 hivi ndio wakati mtoto wa mbwa anapoizoea dunia kwa wepesi zaidi. Alichokutana nacho kwa wema wakati huo hakimtishi baadaye. Akiwa amekwisha kuupita umri huo, bado anaweza kujifunza, ila wewe utahitaji subira zaidi.

Mwisho, omba kipande cha gunia au kitambaa alichokuwa akilalia, wala usikifue. Binadamu hukumbuka kwao kwa picha. Mbwa hukumbuka kwa pua. Kitambaa hicho ukikiweka mahali pake pa kulala, usiku wa kwanza hautakuwa mgeni mtupu.

JUMA LA KWANZA: USIMWOMBE KITU

Baba alitushangaza sana juma lile la kwanza. Alitukataza kumpa mbwa amri yoyote. Tulitaka kumwonyesha kwa majirani, yeye akasema, "Mgeni hapewi jembe siku anayofika."

Mfano huo yafaa uufuate. Mtengee mbwa kona moja yenye kivuli, maji safi na pahali pa kulala, ambapo watoto hawafiki bila ruhusa. Mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na akinyimwa usingizi huwa mkali kama mtoto mchanga. Mfunge kamba ndefu au mzungushie ua, hasa kama nyumba yako i karibu na barabara. Si adhabu, ni kumlinda mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwake.

Mtu mmoja ndiye amlishe siku hizo za kwanza, kwa saa zile zile. Akishamwekea chakula, asiondoke mara moja wala asimguse. Akae hatua tano hivi, ubavu kwa ubavu, akifanya kazi yake ndogo: kuchambua mboga, kusuka kamba, kusoma gazeti. Asimkodolee macho, kwa sababu kwa mbwa asiyekujua macho makali ni ugomvi. Kila siku asogee kidogo. Siku mbwa atakapoinuka mwenyewe na kuja kunusa mkono wake, mazungumzo yameanza.

Baadaye, mkishazoeana, macho yale yale huwa ya upendo. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa utulivu, miili yao yote miwili huongeza ile homoni inayomfunga mama na mtoto wake. Hicho ndicho kifungo tunachokitafuta. Hakipatikani kwa kumshika mbwa kichwa na kumlazimisha akutazame.

ANASEMA, ILA HATUMSIKII

Mazungumzo ni ya watu wawili. Wengi wetu tunataka mbwa atusikie, lakini sisi hatuna habari na anayoyasema. Naye husema mchana kutwa, kwa mwili wake.

Mkia uliobanwa katikati ya miguu ni hofu. Hilo kila mtu analijua. Lakini wachache wanajua kwamba mbwa anayelamba midomo yake pasipo chakula, anayepiga miayo bila usingizi, au anayegeuza kichwa pembeni unapomwinamia, anakwambia, "Sijatulia, nipe nafasi." Masikio yaliyolazwa nyuma na macho yanayoonyesha weupe ni onyo. Mwili ukikakamaa ghafla kama mti, na mdomo ukafungwa, onyo hilo ni kubwa zaidi. Wala si kila mkia unaotikisika ni furaha. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa haraka, huku mwili umekaza, waweza kuwa ni wa mbwa aliye tayari kuuma.

Na kunguruma je? Watu wengi humpiga mbwa anayenguruma. Hilo ni kosa la hatari. Kunguruma ni tangazo analolitoa kabla ya kuuma. Ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, hutaondoa hasira yake, utaondoa tangazo. Siku nyingine atauma kimya kimya, na atakayeumwa aghalabu ni mtoto. Akinguruma, rudi nyuma, kisha tafuta kilichomtia hofu: je, ana kidonda, ana mfupa, au kuna aliyemkanyaga alipokuwa amelala?

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hadi saba, kwa upande mwingine, hutafuna viatu na vidole kwa sababu anang'oa meno ya utoto. Huyo si mwovu. Mpe kipande cha kamba nene au gogo laini, na kila akishika kiatu mpe kile kilicho chake.

NENO MOJA, JAMBO MOJA

Katika kaya nyingi neno la kwanza ambalo mbwa hujifunza ni "Toka!" Na kwa kweli hulijua vizuri, maana hutamkwa na kila mtu, kwa sauti ile ile, tena na jambo lile lile hufuata. Hapo tumekwisha kuonyesha kwamba tunajua kufundisha. Imebaki tufundishe maneno mema kwa utaratibu huo huo.

Ikusanye kaya nzima, wakubwa kwa wadogo, mkubaliane maneno. Kama "njoo" ni "njoo", basi baba asiseme "njoo", mama akasema "hebu sogea hapa", na watoto wakapiga makofi. Maneno manne au matano yatosha kwa kuanzia: njoo, kaa, tulia, acha, twende. Kama mbwa alifunzwa kwa lugha nyingine, tumieni kwanza maneno aliyokuja nayo. Baada ya majuma mawili hivi, semeni neno jipya kwanza, kisha lile la zamani mara moja baada yake. Kabla ya muda mrefu atalifuata jipya bila kungoja la zamani. Hivyo ndivyo yule mbwa wetu wa pili alivyoanza na Kisukuma na kumaliza na Kinyiramba, bila fimbo.

Usirudie neno mara kumi. Ukisema "kaa, kaa, kaa, nimesema kaa!" umemfundisha kwamba neno la kwanza halina maana. Sema mara moja, ungoje. Kama hakufanya, huenda hakuelewa. Msaidie kwa mkono, au rudi kwenye jambo jepesi zaidi.

Na sauti? Watafiti wa Budapest, nchini Hungaria, walipima bongo za mbwa kwa mashine na kutangaza mwaka 2016 kwamba mbwa huyatenga maneno na mlio wa sauti, kisha huvipatanisha. Sifa ilimfurahisha ubongoni pale tu neno na sauti vilipokubaliana. Kwa hiyo "vizuri" iliyosemwa kwa ukali si sifa, wala "njoo" iliyosemwa kwa hasira si mwaliko. Ukiwa umekasirika, nyamaza kwanza.

Hapa niseme kidogo juu ya majina. Sisi tuna mazoea ya kumpa mbwa jina la fumbo, ili kila tunapomwita jirani apate ujumbe wake. Ni mchezo wenye kuchekesha, lakini jina refu kama methali halimsaidii mbwa. Mpe jina fupi, la silabi mbili, lisilofanana na amri yoyote. Kisha lilinde jina hilo: usilitumie kumkaripia. Mbwa akisikia jina lake, atazamie heri daima. Jirani mpelekee ujumbe wake kwa mdomo.

MALIPO KWA WAKATI WAKE

Barabara ile ile ipitayo Shelui, ukiifuata kuelekea mashariki, ukapita Singida na Dodoma, itakufikisha Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wa panya hao, Magawa, alifunzwa Tanzania kisha akapelekwa Kambodia, ambako alisaidia kugundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza liitwalo PDSA lilimtunuku nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa akiwa mzee, Januari 2022.

Panya huyo alifunzwaje? Si kwa kiboko. Alizoeshwa kwanza kuzungukwa na watu. Kisha alisikizishwa mlio mdogo, na kila mlio ulipolia alipata chakula kitamu, kama vile ndizi. Alipoelewa kwamba mlio ni ahadi isiyovunjwa, mlio huo ukawa neno la "ndiyo, hivyo hivyo." Mafunzo yote huchukua yapata miezi tisa. Ikiwa panya amefikishwa hapo kwa ndizi na uvumilivu, mtoto wa mbwa wako atashindwa na nini?

Siri iko katika wakati. Malipo yafuate tendo papo hapo, kabla hujahesabu mbili. Mbwa akija ulipomwita, sema "vizuri" mguu wake ukingali unafika, kisha umpe kipande kidogo cha ugali kilichochovywa katika mchuzi wa nyama, au dagaa mmoja. Ukienda kwanza jikoni kutafuta dagaa, utakaporudi atakuwa ananusa kuku, na atadhani amelipwa kwa kunusa kuku.

Kwa sababu hiyo hiyo, adhabu ya baadaye haina faida. Mama anarudi kisimani, anakuta mbwa amemwaga unga, anamwita na kumchapa. Mbwa hauunganishi unga wa asubuhi na fimbo ya mchana. Anachojifunza ni kwamba neno "njoo" huleta fimbo. Kesho akiitwa atakimbia, na watu watasema, "Mwone, anajua kosa lake!" Hajui kosa. Anajua fimbo.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mwindaji mwenye hasira humlea mbwa mwenye hasira, na mbwa wa hasira hachagui wa kumwuma. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa ni mmoja wao.

Mafunzo yawe mafupi: dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, na yaishe kwa jambo analoliweza. Siku akichoka, au wewe ukichoka, mwishe mapema. Haraka haraka haina baraka, na juu ya mbwa methali hiyo ni ya kweli mara mbili.

JE, NA WALE WASIOTAKA KULAMBWA?

Katika mkoa wa Singida, Waislamu na Wakristo wanaishi ua kwa ua, na wapo wasomaji wengi ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Wasidhani kwamba makala haya hayawahusu. Dini ya Kiislamu inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na katika mapokeo yake imo habari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Kifungo na mbwa si lazima kiwe cha kumbatio. Mengi niliyoyataja juu hayahitaji kuguswa na ulimi wake: sauti, saa za chakula, ishara ya mkono, kukaa karibu, kutembea pamoja. Mtengee chombo chake, mfundishe mpaka wa ukumbi asioruhusiwa kuuvuka, na umtupie malipo yake chini badala ya kumlisha mkononi. Atakuheshimu vile vile, na udhu wako utabaki salama. Husemwa kwamba ukicheza na mbwa atakufuata mpaka msikitini. Lakini mbwa aliyefundishwa "tulia" atakungoja nje ya ua.

URAFIKI UNAOOKOA MAISHA

Liko jambo zito zaidi, ndugu msomaji, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua. Lakini unazuilika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, dunia imejua kwamba chanjo inashinda. Wataalamu, wakiwemo waliofanya kazi kwa miaka mingi vijijini kandokando ya Serengeti, wanasema kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa hukatika.

Sasa fikiri siku ya chanjo. Afisa mifugo amekuja, mbwa wameitwa. Nani huletwa? Ni yule anayekuja akiitwa, anayekubali kushikwa shingo, anayemwamini mtu wake mbele ya mgeni mwenye sindano. Mbwa wa fimbo amekwisha kukimbilia vichakani, na huyo ndiye atakayerudi na ugonjwa. Kwa hiyo mzoeshe mtoto wa mbwa mapema: mshike masikio, mfungue mdomo, minya nyayo zake, mtoe kupe, kisha mlipe. Kama hupendi kumgusa, mpe kijana wa nyumba kazi hiyo. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama afisa mifugo atakavyoelekeza. Mwulize pia dawa ya minyoo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Juu ya chakula nitasema machache. Usimpe matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa, kwa kuwa yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo itakayomrudia binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano. Nasi watu wa mkoa wenye sifa ya vitunguu tukumbuke kwamba vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Mchuzi wa kuchovya malipo yake uteke kabla ya kutia kitunguu.

USIKU TULIPOMWELEWA

Nirudi Shelui nimalize. Yule mbwa wa pili hakuanza kazi mara moja. Mwezi wa kwanza alifuata mbuzi akiwa amefungwa kamba, pamoja na kaka yangu, yule yule aliyeshika fimbo zamani. Kila mbwa alipowapita mbuzi bila kuwakimbiza, kaka alisema neno lake jema na kumpa chakula. Mwezi wa pili kamba ilikuwa inaburuzwa chini. Mwezi wa tatu iliondolewa, na mbwa hakutambua kwamba imeondolewa, kwa sababu si kamba iliyokuwa ikimshika.

Nasi pia tulikuwa tumejifunza. Tulijua kubweka kwake kwa mgeni, kwenye vipindi virefu. Kubweka kwa mbwa wa jirani, kwa haraka na bila moyo. Na kubweka kwa kutaka mchezo. Usiku mmoja wa masika alibweka kwa namna ambayo hatukuwa tumeisikia: mara moja, kwa sauti nzito, kisha kimya, kisha mara moja tena. Watu wa kaya nyingine huenda wangemkemea, "Nyamaza!" wakajifunika shuka. Baba aliketi kitandani, akasikiliza. Akasema, "Hiyo si ya mtu." Tukatoka na tochi.

Fisi alikuwa amekwisha kusukuma miiba upande wa nyuma wa boma. Mbwa alikuwa amesimama kati yake na mbuzi, nywele za mgongo zimesimama, naye anatetemeka. Alikuwa anaogopa, mwili wake wote ulisema hivyo. Lakini hakukimbia, na alipotuona tumekuja alisogea karibu na mguu wa kaka yangu. Fisi aliona taa na watu, akaondoka. Asubuhi tuliwahesabu mbuzi, wakatimia.

Yule wa kwanza naye angeweza kufanya hivyo. Alikuwa wa ukoo ule ule, amefunzwa na mtu yule yule. Tofauti ilikuwa kwetu sisi.

Basi, ndugu msomaji, kama uani mwako yupo mtoto wa mbwa aliyeletwa karibuni, na unaona kama hasikii, weka fimbo chini. Chukua kigoda chako jioni ya leo, ukae hatua tano kutoka alipo, ubavu kwa ubavu, na umwache akutazame. Kesho ukae hatua nne.